Supachaja kwenye foleni ya Mwenge

Gari la michezo linalokwenda kazini kila asubuhi jijini Dar es Salaam linachekesha, nami hucheka pamoja na wanaolicheka. Toyota 86 yangu ina milango miwili, viti vya nyuma ambavyo hata mtoto wa darasa la tatu atavinung'unikia, na tumbo lililoacha alama kwenye kila tuta la Goba. Nikisimama sheli, kijana wa pampu huzunguka upande wa pili kumtafuta mwenye gari, kana kwamba mimi nimepewa lifti nikakalia usukani kwa bahati mbaya. Nimeshazoea. Nilichokuwa sijakizoea, na sikutaka kukizoea, ni Kitonga.

Wanaokwenda Iringa wanaujua mlima ule. Unatoka Mikumi, unavuka Ruaha Mbuyuni, barabara inaanza kupinda na kupanda, na mbele yako kuna msururu wa malori ya Tunduma, Zambia na Kongo yanayokwea taratibu kabisa. Nafasi halali ya kuyapita ni fupi na haiji mara nyingi. Unaiona nafasi, uko gia ya tatu, injini inazunguka mara 3,500 hivi kwa dakika, unakanyaga mafuta, na gari linasita. Si ubovu. Injini ile ya lita 2.0, yenye pistoni nne zilizolala ubavu, ilitoka kiwandani ikiwa na shimo katikati: kati ya mizunguko 3,500 na 4,500 msukumo wake hulegea kidogo, halafu ndipo upande tena. Kilele cha msukumo, Nm 205, kiko kwenye mizunguko 6,400 na kuendelea, na nguvu-farasi zake 200 ziko kwenye 7,000. Kwenye uwanja wa mbio hilo si neno, maana huko sindano haishuki chini namna hiyo. Lakini mtu anayekwenda kazini, sokoni na kwao kijijini maisha yake yote yako katikati, ndani ya shimo hilo hilo.

Toyota walilijua. GR86 iliyofuata mwaka 2021 ilikuja na injini ya lita 2.4, na kilele cha msukumo, Nm 250, kikashushwa hadi mizunguko 3,700. Ukiweka namba hizo mbili kando kwa kando, unaona wazi kwamba mtu fulani kiwandani alipewa sepetu akaambiwa afukie. Bei ya gari jipya sikuiweza, na hili la zamani nililipenda. Ndipo yakaanza mazungumzo ya supachaja.

Ndugu zangu walikuwa na hesabu yao. Fedha ya supachaja, ushuru wake bandarini na ufundi, ukijumlisha yote, unapata IST iliyotunzwa vizuri na chenji ya mafuta. Hesabu hiyo ni sahihi kabisa, na sikuwa na jibu la kuishinda. Niliwaambia tu kwamba nikinunua IST nitakuwa na magari mawili na shimo litabaki moja.

Supachaja ni pampu ya hewa, si zaidi. Injini huchoma mafuta kwa kadiri ya hewa inayoweza kuvuta, na injini ya lita 2.0 yenye mapigo manne huvuta, kwa nadharia, lita moja katika kila mzunguko. Ukitaka ichome zaidi, ama uikuze, ama uizungushe kwa kasi zaidi, ama uishindilie hewa isiyoweza kuivuta yenyewe. Hiyo njia ya tatu ndiyo kazi ya supachaja. Mkanda kutoka mbele ya injini unazungusha puli, puli inazungusha rota mbili zilizosokotwa, na rota zinasukuma hewa ndani. Katika seti niliyoagiza Australia, rota ni za Eaton, zenye mbavu nne kila moja, na kila mzunguko wao unapitisha lita 1.32. Tena zinazunguka haraka kuliko injini yenyewe. Hewa inayoingia inakuwa nyingi kuliko inayomezwa, na ile ya ziada ndiyo presha.

Kwa nini si tabo? Niliulizwa hivyo na kila mwanamume niliyemtajia habari hizi, wengine kabla sijamaliza sentensi. Tabo huendeshwa na moshi wa eksozi ambao ungepotea hivi hivi, kwa hiyo haina ubadhirifu, ila husubiri moshi uwe mwingi ndipo iamke. Supachaja haisubiri kitu. Injini ikizunguka, nayo inazunguka. Inajilipisha, kweli, kwa kuwa nguvu ya kuzungusha mkanda inatoka kwenye injini ile ile. Abarth walipoiandaa Lancia 037 kwa ajili ya mbio za rali walichagua supachaja kwa sababu hiyo ya kujibu papo hapo, na gari hilo lililosukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake likachukua ubingwa wa watengenezaji mwaka 1983 mbele ya Audi zilizosukumwa na magurudumu yote manne. Miaka mitatu baadaye Markku Alén alimaliza wa tatu kwenye Safari Rally ya Kenya ndani ya 037, nyuma ya Toyota mbili zenye tabo. Kila upande wa ubishi una mwaka wake wa kutaja.

Ubishi uliokuwa na maana kwangu ulikuwa mwingine: supachaja ya aina gani. Zipo zinazofanya kazi kama feni yenye kasi ya ajabu, mfano zile za Rotrex ya Denmark, ambazo presha yake hupanda kadiri mizunguko inavyopanda. Kwa injini ni laini, kwa sababu msukumo mkubwa unakuja huko juu ambako konrodi hazibanwi sana. Anayekwenda kwenye viwanja vya mbio hana haja ya kutafuta kwingine. Lakini mimi tatizo langu halikuwa huko juu. Nikiongeza nguvu kwenye mizunguko 7,000, nikiwa Mwenge nyuma ya daladala, nimeongeza kitu ambacho sitakigusa mpaka mwezi uishe. Rota zinatoa presha karibu yote tangu chini, na shimo langu lilikuwa chini.

Fundi wangu ni mzee wa Gerezani ambaye maisha yake yote ameshughulika na dizeli. Nilipompelekea lile kasha nilitarajia agunegune, kwa kuwa vifaa hivi si vya kila siku hapa mjini.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti. Umeniletea nini?"

Aliifungua, akaiinua kwa mikono miwili, akaweka kidole kwenye puli na kuizungusha taratibu huku akiisikiliza. Kisha akatabasamu. "Hii ni bulowa," akasema. "Nimezishusha sana hizi, kwenye majenereta ya mgodini. Yale ya Detroit."

Alikuwa anasema kweli kuliko nilivyojua wakati huo. Injini za Detroit Diesel za mapigo mawili, kama ile 6-71 iliyoanza kutengenezwa miaka ya 1930, hazina pigo la kuvuta hewa. Bila bulowa ya kuzisukumia hewa haziwaki kabisa. Vijana wa Marekani wa mbio za mstari mnyoofu ndio waliozing'oa bulowa hizo kwenye malori na kuzifunga juu ya injini za petroli, na mpaka leo ukiona picha ya gari lenye dude la chuma limechomoza juu ya boneti, asili yake ni huko. Na nyuma ya hapo kuna ndugu wawili wa Connersville, Indiana, Philander na Francis Roots, waliopata hataza ya mtambo wao mwaka 1860, wakati ambapo hakukuwa na gari la kufungia. Mitambo yao ilipuliza hewa kwenye matanuri ya kuyeyushia chuma. Kwa hiyo Mzee, aliyedhaniwa atashangaa, ndiye peke yake kati yetu aliyekuwa anakutana na rafiki wa zamani.

Aliuliza swali moja tu kabla ya kushika spana. "Gari hili linatoka Jumapili, au linakwenda kazini?"

"Linakwenda kazini, Mzee. Kila siku."

"Basi tufunge ya kwenda kazini."

Ndani ya kasha kulikuwa na puli mbili. Ile ndogo huzungusha rota haraka zaidi na kuongeza presha, kubwa hupunguza. Mzee aliichukua ndogo, akaifunga kwenye kitambaa, akanirudishia. Hakutoa hotuba. Lakini tangu hapo kila kitu tulichokiamua, kuanzia plagi mpaka maji, kilipitia kwenye swali lile.

Historia ya supachaja ina mfano wake wa jambo hili, nao nimewasimulia watu hadi wananikimbia. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Tim Birkin, dereva Mwingereza mwenye haraka zake, alitaka Bentley ya lita 4.5 ifungwe supachaja. W. O. Bentley mwenyewe alikataa. Kwake yeye, anayetaka nguvu zaidi aikuze injini. Birkin akatafuta fedha kwingine, na Amherst Villiers akamchorea supachaja iliyokaa mbele kabisa ya rejeta, nje, kila mtu aione. Gari lilikuwa na kasi ya kutisha na lilikunywa mafuta bila aibu. Kwenye Le Mans ya mwaka 1930, Birkin aliifukuza Mercedes ya Rudolf Caracciola, ambayo nayo ilikuwa na supachaja, lakini ya kuamshwa kwa kukanyaga mafuta hadi sakafuni na kutumiwa kwa muda mfupi tu. Mercedes iliharibika. Bentley za Birkin nazo hazikumaliza. Mshindi alikuwa Bentley Speed Six ya Woolf Barnato na Glen Kidston, gari kubwa, zito, lisilo na supachaja yoyote. Leo picha zinazotundikwa ukutani ni za gari la Birkin. Saa 24 zilikuwa za yule mwingine.

Mimi sikuwa na saa 24. Nilikuwa na Bagamoyo Road, Jumatatu hadi Ijumaa.

Adui wa supachaja katika mji huu ni joto, na hapa ndipo fedha na fikra zangu nyingi zilipokwenda. Hewa ukiishindilia inapata moto. Aliyewahi kujaza tairi la baiskeli kwa pampu ya mkono akaishika pampu yenyewe anajua. Presha niliyobaki nayo ni karibu bar 0.45 juu ya ile ya hewa iliyotuzunguka. Chukua hewa ya Dar ya nyuzi 33, ishindilie kiasi hicho kwa mtambo usiopoteza chochote, utaipata kwenye nyuzi 67. Mtambo usiopoteza chochote haupo, kwa hiyo kwa kweli inapita 80. Hewa ya moto namna hiyo imetanuka, kwa hiyo sehemu ya faida uliyoinunua imeshapotea, na mbaya zaidi inaukaribisha mlipuko wa mapema: mchanganyiko wa hewa na mafuta unajiwasha wenyewe kabla ya moto wa plagi kuufikia, na pistoni inapigwa isivyostahili. Injini ya 86 yenyewe inakandamiza mara 12.5, kiwango kikubwa hata bila kuongezewa kitu. Haina uvumilivu wa joto la ziada.

Dawa iliyokuja na seti ni intakula ya maji, iliyojificha chini ya rota. Hewa hupita kwenye mapezi yake na kuacha joto lake, maji huchukua joto hilo, pampu ndogo ya umeme huyapeleka kwenye rejeta nyembamba nyuma ya bampa ya mbele, upepo unayapoza, yanarudi. Mzunguko huu hauhusiani na rejeta ya injini. Ni mpango mzuri sana kwa gari linalotembea.

Lakini Mwenge gari halitembei. Nilikuwa nimeunganisha kifaa kidogo kwenye soketi ya kompyuta ya gari, kikawa kinarusha namba kwenye simu, na jioni moja ya foleni niliiweka simu hiyo nikaitazama kama mtu anayeangalia mechi. Nikiwa natoka Posta kabla barabara haijaziba, hewa iliyoingia kwenye injini ilikuwa kwenye nyuzi arobaini na kitu. Trafiki akasimamisha upande wetu, akaupa upande wa pili muda wake wote, na namba ikaanza kupanda. Supachaja ni donge la aluminiamu lililokaa juu ya injini ya moto. Bila upepo mbele, maji yale yanazunguka tu yakibeba joto na kulirudisha. Trafiki alipotuita, nilikuwa nimepita 65. Kompyuta, ikifanya kazi yake, ilikuwa imechelewesha moto wa plagi ili kuilinda injini. Mita mia kadhaa za kwanza baada ya foleni, mtambo ule wa gharama haukuwa unanipa chochote ambacho gari halikuwa nacho lilipotoka kiwandani.

Hili halimo kwenye matangazo, kwa sababu matangazo hupigwa picha barabara ikiwa tupu. Tuliongeza feni ndogo ya umeme kwenye ile rejeta ya mbele, inayojiwasha gari likiwa taratibu, na tukaweka tangi kubwa zaidi la maji ili yachukue muda kupata moto. Sasa namba inapanda polepole na kushuka upesi. Kupanda bado inapanda. Mzee kila akishusha bampa husugua mapezi ya rejeta ile kwa brashi laini na maji, maana vumbi la barabara za ndani likichanganyika na wadudu wa safari ya usiku huwa saruji. Masika nayo ina masharti yake: Jangwani inapojaa maji na Morogoro Road ikafungwa, wenye magari ya juu huthubutu njia za pembeni, mimi hugeuza. Bomba la kuvutia hewa liko chini kuliko zamani, na injini inayovuta maji badala ya hewa hukunja konrodi mara moja tu, haihitaji ya pili.

Kuna valvu moja ambayo hakuna anayeizungumzia, na nadhani ndiyo inayolifanya jambo zima liwezekane kwa gari la kila siku. Ukiwa umegusa mafuta kidogo, valvu hiyo huwa wazi, na hewa inayosukumwa na rota hurudishwa nyuma ilikotoka badala ya kushindiliwa. Rota zinazunguka bure, mkanda hauvuti kwa uzito, na matumizi ya mafuta kwenye foleni hayakubadilika kiasi cha kunifanya nione. Ukikanyaga, valvu inafunga, na presha ipo. Wahandisi wa Mercedes wa enzi za Caracciola walimwachia dereva kazi hiyo, mguu wake ukiwa ndio uamuzi. Leo kipande cha plastiki na chemchemi kinaamua, bila mbwembwe.

Petroli ilikuwa suala la pili. Gari hili lilikusudiwa petroli ya daraja la juu ya Japani, ambayo oktani yake kwa kanuni za huko haishuki chini ya 96. Ya kawaida ya sheli zetu iko chini ya hapo, na gari langu haliishi Dar peke yake. Linajaza Morogoro, linajaza Ilula, linajaza popote taa ikiwaka. Kompyuta inahitaji faili jipya linaloijulisha kwamba hewa imeongezeka, na faili hilo linatengenezwa kwa mbali: unaendesha huku laptopu ikirekodi, unatuma rekodi kwa mtaalamu, anarekebisha, anakurudishia, unapakia, unaendesha tena. Yule wa Australia aliyetushughulikia alikuwa mwangalifu, na faili lake la mwisho lilikuwa safi. Hakuna mlipuko wa mapema hata mmoja kwenye rekodi za Dar. Nikamwomba apunguze digrii mbili za taimingi pale ambapo presha ni kubwa. Aliniuliza kwa nini, wakati namba zote ni nzuri. Nikamjibu kwamba namba ni nzuri kwa petroli ya sheli ninayoijua, na kuna siku nitajaza nisiyoijua. Nilipoteza nguvu-farasi chache ambazo sijawahi kuzitafuta.

Konrodi nazo zilikuwa na sauti katika uamuzi huo. Kwa injini hizi, msukumo mkubwa kwenye mizunguko ya chini ndio unaozikunja, na supachaja ya rota inatoa msukumo hapo hapo chini. Kwa hiyo ile sifa niliyoinunua ndiyo hatari yenyewe. Njia ya kuipata bila kuvunja kitu ni kuipata kwa kiasi. Vijana wanaokutana Jumapili na magari yao Masaki huuliza namba ya presha kwanza, kabla hata ya salamu, na nikiwaambia 0.45 wananitazama kwa huruma. Mmoja aliwahi kunieleza, kwa upole kabisa, kwamba nimenunua suti nikashona kaptula. Lilinichekesha nikalipeleka kwa Mzee, naye akauliza kijana huyo Jumatatu anaendesha nini. Anaendesha Vitz.

Mengine nitayapita upesi. Plagi zilibadilishwa kwa za baridi zaidi, kazi ya kuchosha kwenye injini iliyolala ubavu kwa kuwa plagi zinatazama kuta za chesi na spana haina pa kugeukia. Klachi ya kiwandani imehimili. Breki niliziongezea pedi bora na oili ya breki mpya, maana kushuka Kitonga ni kazi kubwa kuliko kuupanda. Nilikwenda kwenye kampuni ya bima na barua inayoeleza kilichofungwa, wakapandisha malipo ya bima kubwa, nikalipa. Bima inayoweza kukanushwa siku ya ajali sioni kazi yake. Na kwenye buti, chini ya tairi la akiba, kuna mkanda wa akiba. Kwenye seti yangu mkanda unaozungusha supachaja unazungusha pia alteneta, kwa hiyo ukikatika usiku Mikumi, kukosa presha ni jambo dogo. Utakuwa unakosa taa, katikati ya tembo.

Safari ya kwanza ya kwetu baada ya kazi hii ilinifundisha kitu ambacho foleni isingeweza. Iringa mjini iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na huko presha ya hewa yenyewe ni pungufu kwa takriban asilimia 16 ukilinganisha na Dar. Injini isiyo na supachaja hupoteza kiasi hicho hicho cha nguvu, na ndiyo sababu shimo langu lilikuwa linazidi kina kadiri mlima unavyopanda. Nilidhani supachaja ingelifuta tatizo hilo. Inalipunguza tu. Rota hazijui presha, zinajua ujazo. Zinachukua hewa ile nyepesi na kuizidisha mara ile ile, kwa hiyo hewa ikiwa hafifu, inayotoka nayo ni hafifu kwa kiwango kile kile. Geji iliyosoma 0.45 Kimara ilikuwa inasoma chini ya 0.4 huko juu. Hata hivyo injini yangu, ikiwa Iringa, ilikuwa inapata hewa nyingi kuliko ilivyopata zamani ikiwa ufukweni. Kwenye Kitonga nafasi ilipotokea, gia ya tatu, mizunguko 3,500, nilikanyaga na gari likaenda. Lori moja, mawili, nikarudi upande wangu. Halikupiga kelele za ajabu, mluzi mwembamba tu kutoka mbele. Dada yangu aliyekuwa kiti cha abiria hakuacha kuzungumza na simu.

Trafiki wa tochi hawakuondoka, na vibao vya 50 viko pale pale kila kijiji.

Jambo hilo la mwinuko ndilo lililomleta kijana mmoja wa Arusha. Alisikia kwa watu kwamba nina puli ndogo isiyotumika, akanipigia. Ana 86 kama yangu na supachaja ya aina ile ile, ila ameagiza puli moja tu. Niliifikiria simu hiyo jioni nzima. Arusha iko mita 1,400 hivi. Akifunga puli ndogo huko, presha inayofika ndani ya injini yake itakuwa karibu sawa na ninayoipata mimi Dar kwa puli kubwa. Hewa yake itashindiliwa zaidi ili ifike hapo, kwa hiyo itatoka na joto zaidi, lakini inaanza safari ikiwa ya baridi kuliko yetu. Kwake ile puli ina akili kabisa. Kwangu ilikuwa itakaa kwenye kitambaa cha Mzee mpaka ipate kutu.

Tukakubaliana bei, naye akaifuata mwenyewe kwa basi, akiwa pia na kazi ya kulitafutia vifaa Ilala gari bovu la rafiki yake. Nilimweleza mambo ya faili, kwamba lake la sasa halitafaa na asiendeshe hata hatua moja kabla ya kupata jingine. Nikamweleza na jambo la pili: akitaka kuja Dar na gari lile, au kushuka Tanga kwa wakwe zake, hewa itakuwa nzito zaidi na ya moto zaidi, na puli ile ile itampa presha ambayo injini haikuahidiwa. Arudishe puli kubwa kabla ya kuteremka.

Alinyamaza akipiga hesabu, kisha akauliza kama kuibadilisha kunahitaji kushusha bampa, au anaweza kufanya mwenyewe pale Same, wakati abiria wanakula.